Injinia Aliyeuliza Mzigo Umekaa Wapi

Injinia hakuingia nyumba ya mtu bila kuangalia juu kwanza. Kabla ya salamu, kabla hata ya kutafuta kiti, macho yake yalikuwa yameshapanda darini, yakafuata ukuta mpaka kona, yakarudi. Kanisani kina mama walidhani anaomba. Mama yangu alidhani anatuhesabia utando wa buibui, kwa hivyo kila Injinia alipotarajiwa kuja kunywa chai kwetu Ruiru, nilitumwa mapema nipande stuli na ufagio.

"Huyo mzee ananidharau," mama alisema.

Hakudharau. Aliogopa. Lakini hilo sikulisema kwa sauti. Mimi mambo mengi sisemi kwa sauti, nayaandika humu daftarini. Na haya ya Injinia nimeyaandika na kuyafuta mara tatu tangu nimalize Form Four, kwa sababu ukianza kumweleza lazima ufike kwenye zile siku nne, na sitaki kufika huko. Wacha nianze na yeye.

Alikuwa jirani yetu, milango mitatu kutoka kwetu. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kibao cha ofisi yake Thika lakini hakuna aliyelitumia, hata mke wake. "Injinia, chakula kinapoa." Kazi yake ilikuwa kupiga hesabu za majumba ya ghorofa, na zaidi slabu, ile sakafu ya konkriti ambayo kwa mtu wa juu ni sakafu na kwa mtu wa chini ni dari.

"Wa juu hajali," alisema, "na wa chini hajui. Mimi ndiye napewa wasiwasi wa wote wawili."

Na wasiwasi alikuwa nao wa kutosha. Kuna harusi moja ilifanyika ghorofani, vijana wakajazana katikati ya ukumbi kucheza, wote wanaruka pamoja. Injinia aliinuka akaenda akaivuta ile meza ya keki, keki ikiwa juu, mpaka ikawa katikati ya wachezaji na wakalazimika kugawanyika. Bibi harusi alilia. Yeye alirudi mahali pake, kando ya nguzo, maana hakuwahi kukaa mbali na nguzo, akaendelea kula wali huku akihesabu vichwa.

Sasa mtu kama huyo ungefikiri anaogopa kila kitu. Wapi! Pick-up yake ilikuwa na matairi vipara, na breki ulipampu mara tatu ndipo zishike. Alishuka nayo mteremko wa mtoni akiimba.

"Injinia, utatuua," mama alimwambia siku moja tukiwa wote watatu mbele.

"Mama Njeri, gari hulalamika kabla ya kuharibika. Nalisikia. Kuna slabu hukaa kimya mpaka siku yake."

Mimi nilikuwa nimebanwa katikati, kimya pia.

Kompyuta nilianza kuigusa likizo ya Disemba nikitoka Form Three. Mama ndiye aliyenipeleka. "Enda kwa Injinia ujifunze kitu, badala ya kulalia hilo daftari kama kuku." Kompyuta ilikaa kwenye chumba cha kijana wake aliyekuwa ameshaoa na kuhama. Mke wa Injinia alikuwa ameishonea kitambaa cha kroshia chenye maua ya rangi ya machungwa, sawa na vile vya viti vya sebuleni. Uliingia bila viatu. Injinia alikitoa kitambaa, akakikunja mara nne, akakiweka kitandani, ndipo akawasha. Alibonyeza kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kana kwamba imemkosea. Kazi yangu ilikuwa kumsomea namba kutoka kwenye mchoro.

Programu yenyewe ilikuwa kioo cheusi na maandishi ya kijani. Unaiambia slabu ina urefu gani, upana gani, unene gani, na nguzo ziko wapi. Inaigawanya miraba midogo kama karatasi ya grafu. Halafu unaweka mizigo. Watu na viti unawatandaza sakafu nzima, namba moja tu basi. Lakini kukiwa na kitu kizito kinachokaa sehemu moja, tangi la maji au sefu au mashine, unatakiwa kuieleza ile sehemu: kona zake nne ziko umbali gani kutoka mwanzo wa slabu, na kila mita ya mraba hapo inabeba kiasi gani. Injinia alikiita kiraka. Kiraka kama cha suruali.

Wenzake, alisema, hawana subira ya viraka. Wanachukua uzito wa tangi wanaugawanya sakafu nzima kama siagi kwenye mkate, na karatasi inasema nyumba ni nzima. Siku ya kwanza alinyang'anya daftari langu la jiografia, akalitoa jalada, akaliweka kama daraja juu ya vikombe viwili. Akanyunyiza chumvi juu yake, kijiko kizima, ikaenea kote. Jalada likainama kidogo tu. Kisha kwa kidole akaikusanya chumvi yote katikati. Jalada likabonyea.

"Nimeongeza chumvi?"

"Hapana."

"Sasa mbona limeinama hivyo?"

Nilijua. Nikaangalia miguu yangu.

"Kwa sababu mzigo una anwani, kairitu. Usiniambie ni kilo ngapi. Niambie umekaa wapi." Kairitu ni msichana kwa Kikuyu chetu, na ndivyo alivyoniita siku zote.

Tulipomaliza kuingiza namba, mashine ilikaa ikiwaza muda wa kunywa chai nzima, nasi tukiomba stima isipotee. Iliporudi na majibu, hakuangalia kitu kingine kabla ya kujumlisha uzito unaoshuka kwenye nguzo zote. Jumla hiyo lazima ilingane na jumla ya mizigo tuliyoweka. Ikilingana, alijipiga goti. "Hakuna kilichopotea!" Huo ulikuwa mtihani wake, na aliuamini kuliko alivyomwamini mtu yeyote.

Alikuwa na mkebe wa njugu. Ukiona kosa lake, unachota. Mimi nilichota mara mbili: mara ya kwanza alikuwa ameruka sifuri, mara ya pili nguzo moja ilikuwa inaelea nje ya nyumba. Sikusema, nilionyesha kwa kalamu. Alifurahi kama mtoto. "Macho haya! Chota, chota."

Lakini kulikuwa na mchoraji kijana pale ofisini kwake Thika, ambaye alimwambia, "Injinia, hapo umekosea," kastoma akiwa ameketi. Injinia alimjibu kwa upole, akamalizana na kastoma, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi. Aliporudi, akamwambia kijana achukue koti lake. Hakumwita tena. Mke wake ndiye aliyenisimulia, akichambua maharagwe. "Injinia anapenda kusahihishwa," alisema, "lakini wakati auchague mwenyewe."

Hilo nililiweka moyoni, nafikiri nililiweka mahali pabaya.

Basi. Alhamisi moja akaja nyumbani kwake mtu wa madaftari. Hivyo ndivyo tulivyomwita baadaye, maana alichapisha madaftari ya shule. Alikuwa amekodisha ghorofa ya kwanza ya jengo fulani Thika, na alitaka kuweka karatasi zake huko juu, zimepangwa mpaka kifuani. Karatasi ni nzito, msidanganywe na ukurasa mmoja. Injinia alipiga hesabu: kilonewtoni kumi na mbili kwa kila mita ya mraba. Sakafu ilikuwa imehesabiwa ibebe nne tu.

Jengo hilo nililijua. Mama yangu alishonea sare za shule kwenye duka la chini.

Na Injinia alilijua pia, alilichora mwenyewe zamani. Ile slabu ilikatwa na bimu, boriti nene ya konkriti, ikawa sehemu mbili: sehemu fupi upande wa barabara, mita tatu na nusu, na sehemu ndefu upande wa nyuma, mita sita. Fupi ilikuwa na nguvu kuliko ilivyohitaji. Ndefu haikuwa na cha kubakisha.

"Utaziweka wapi?" Injinia akamuuliza.

"Hapa karibu na mlango, ili vijana wasizunguke na mzigo." Mtu wa madaftari alikuwa amekuja na mchoro wake mwenyewe, wa kalamu ya biki. Aliuchora vile yeye anavyoingia: mlango upande wa chini wa ukurasa, na kando yake mstatili wa mita mbili kwa tatu.

Injinia aliuweka mchoro ule juu ya wake, chini kwa chini. Kwenye mchoro wa Injinia, chini ni barabara, na ngazi zilikuwa upande wa barabara. Kiraka kikaangukia sehemu fupi. "Umebahatika," akasema.

Lakini ngazi hazikuwa upande wa barabara. Mwenye jengo, wakati wa kumalizia, aliona kwamba mbele, mahali pa ngazi, angepata duka moja zaidi, basi akachomelesha ngazi za chuma kule nyuma, nje ya ukuta. Hakumwambia mtu. Mimi nilikuwa nimezipanda mara ngapi, nikienda kuanika vitambaa vya mama! Mlango ulikuwa nyuma. Kiraka kilikuwa sehemu ndefu. Na chini ya sehemu ndefu kulikuwa na cherehani ya mama yangu, maana mbele ya duka alionyeshea nguo.

Nikafungua mdomo. Mtu wa madaftari alikuwa ameketi. Nikaufunga.

"Soma," Injinia akasema.

Nikasoma. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mashine ikawaza. Jumla ikalingana mpaka nukta ya mwisho, Injinia akajipiga goti: hakuna kilichopotea. Kweli hakikupotea kitu. Kilikuwa tu mahali pengine.

"Jumatatu ulete karatasi zako," akamwambia.

Ijumaa nilifika mpaka kwenye geti la Injinia. Hata mbwa hakubweka. Nikasimama nikihesabu mpaka ishirini, nikarudi.

Jumamosi nilimpelekea mama chakula Thika, nikapanda ngazi za nyuma ili nihakikishe nimekosea. Mtu wa madaftari alikuwa ameshachora sakafuni kwa chaki mahali karatasi zitakapokaa. Nikahesabu hatua kutoka ukutani. Nikashuka, nikahesabu hatua zile zile dukani. Zikaishia kwenye kiti cha mama.

"Unaangalia nini juu? Umekuwa Injinia?" mama akaniuliza, pini mdomoni.

"Hakuna."

"Basi nishikie hapa."

Ningemwambia yeye. Lakini nilimsikia kabisa akinijibu: wewe wa Form Three, unamsahihisha mzee mwenye kompyuta? Na huenda ningekuwa nimekosea. Hilo ndilo nililojiambia, kwamba huenda nimekosea, ingawa chaki nilikuwa nimeiona kwa macho.

Jumapili kanisani tuliambiwa tupeane amani. Injinia alikuwa benchi la mbele yangu. Aligeuka, akanishika mkono.

"Mkono baridi, kairitu. Una malaria?"

Alingoja. Wallahi alingoja, kama jirani yetu wa pale sokoni anavyoapa, mimi Mkristo na sina kiapo kingine cha kutosha. Nikasema, "Hapana, Injinia. Amani." Akageuka mbele.

Jumatatu mama aliondoka mapema. Nilimwona akipinda kona na mfuko wake. Nilikimbia bila kubadilisha slipa. Injinia alikuwa nje, kioo kimetundikwa kwenye ua, upande mmoja wa uso una povu la kunyolea. Nilimpita bila salamu, nikaingia chumba cha kompyuta na slipa zangu, nikatoka na ile michoro miwili. Nikaiweka juu ya boneti ya pick-up. Nikauzungusha ule wa mtu wa madaftari, juu pakawa chini.

Aliangalia. Akaniangalia.

"Ngazi?"

"Ziko nyuma."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Mimi huzipanda."

Stima haikuwako asubuhi hiyo. Alipiga hesabu kwa penseli juu ya boneti, mistari minne, na kabla ya mstari wa nne alikuwa anatafuta funguo. Tulienda Thika akiwa na povu upande mmoja, limekauka. Hakuimba.

Tulikuta lori limeshapakuliwa nusu. Vijana walikuwa wanapanda na marobota ya karatasi mabegani, wakipigiana miluzi. Injinia alipanda ngazi za chuma kama mtu wa miaka ishirini. Mimi niliingia kwa mama. Alikuwa anapangusa vumbi jeupe kwenye blauzi za watoto, akilalamika kuhusu watu wa juu na makelele yao. Juu ya kichwa chake ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umeanzia ukutani ukaingia darini, urefu wa mkono mmoja.

"Mama, njoo nje kidogo."

"Nina kazi."

"Mama, njoo." Nikamvuta mkono, kitu ambacho sijawahi kufanya. Akaja, akinitukana.

Kutoka nje tulimsikia Injinia akizungumza na mtu wa madaftari pale juu kwenye ngazi. Nilingoja aseme amekosea. Akasema, "Nimebadilisha mawazo. Zipeleke zote upande wa barabara."

"Injinia, umekuwa mwanasiasa? Alhamisi ndiyo, Jumatatu siyo?"

"Nimebadilisha mawazo tu. Fanya hivyo."

Zikahamishwa. Ufa ulibaki pale ulipofika. Tulikuwa kwenye pick-up, tumeshapita Juja, aliponiuliza.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi."

Alipampu breki. "Siku nne," akasema, kama mtu anayesoma namba kutoka kwenye kioo. Sikwenda tena kwake. Shule ilipofunguliwa nilifurahi, na Form Four nzima, huko bwenini, nililala kitanda cha chini, pembeni, karibu na nguzo.

Hata kanisani nilimkwepa, mpaka Disemba iliyopita. Nilikuwa namshikia mama duka. Aliingia akiwa amekonda, koti limempita mabega, ana fimbo. Nilisikia alikuwa ameacha kazi, macho yamekwisha nguvu. Aliangalia juu kabla ya salamu. Halafu akasikiza.

"Hiyo ni nini inaburutwa?"

"Karatasi," mama akasema bila kusimamisha cherehani. "Wameanza kuzirudisha huku nyuma. Yule jamaa anasema kuzunguka mpaka mbele kunamchosha, na Injinia mwenyewe alibadilisha mawazo tu, labda amebadilisha tena."

Injinia alitafuta kitu cha kushika. Alishika bega langu.

"Mama Njeri, toka kwenye hicho kiti."

"Leo tena?"

"Tafadhali."

Kisha akaniambia mimi, polepole, "Nipandishe."

Ngazi za chuma tulizipanda moja moja, yeye akipumzika kila ya tatu. Huko juu mashine ya kuchapia ilikuwa inakimbia, huwezi kusikia hata mawazo yako. Marobota yalikuwa yamepangwa kando ya mlango, yamefika kwenye mapaja. Mtu wa madaftari alikuja akitabasamu, akapanua mikono.

Injinia akamwambia kitu. Yule akaweka mkono sikioni.

"Ati?"

"Nilikosea!" Injinia akapaza sauti. "Siku ile! Sikubadilisha mawazo! Nilikosea hesabu, mzigo niliuweka upande usio wake! Hapa hapawezi!"

"Ati nini?"

Injinia alijaribu tena, kikohozi kikamshika. Mtu wa madaftari aliniangalia mimi. Nilivuta pumzi, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, na yeye wakati huo huo alikuwa amempungia kijana wa mashine aizime, kwa hivyo sauti yangu ilitoka kwenye kimya:

"NA MIMI NILIJUA! NILIJUA SIKU NNE NIKANYAMAZA, NA MAMA YANGU ALIKUWA CHINI!"

Vijana wote walisimama. Mtu wa madaftari aliangalia sakafu chini ya viatu vyake. Akarudi nyuma hatua mbili, mpaka akagusa ukuta.

Mama alikuwa mlangoni nyuma yetu. Alikuwa ametufuata, tepu ya kupimia ingali shingoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi. Aliniangalia, kisha akamwangalia Injinia. Aliivua tepu, akaikunja, akaitia mfukoni, akapita katikati yetu, akainama na kubeba robota la kwanza.

Vijana wakasogea wote kwa pamoja kumsaidia.

"Mmoja mmoja," Injinia akasema, mkono juu. "Msisimame pamoja."